Bwana Oscar Aombwa Kutoa Maoni

Kwanza mnisamehe kwa makosa ya kuandika. Shule niliachia darasa la nane, na kwa simu kidole changu hutafuta kila herufi kama kuku anayetafuta mahindi kwa nyasi. Mwandiko wa mkono msiulize. Lakini hii lazima niandike, maana nikiisema kwa mdomo nitalia.

Leo nimechomeka, yaani nimeaibika mbele ya watu.

Wengi mnajua nilipata kibarua cha kuita watu kwenye mikutano ya kaunti, ile ya wananchi kutoa maoni. (Ndiyo, mimi, ambaye hata kuagiza chai hotelini naona haya.) Leo mwezi wangu wa kujaribiwa ulikuwa unaisha. Mkutano uliopita, kule Karen, walikuja watu watatu, na wawili walikuwa wanauliza choo. Kwa hivyo asubuhi, ofisini katikati ya jiji, mkubwa wangu Madam Wanjiru alinipa fomu bila kuinua kichwa.

"Saa nane tuko Spring Valley, ukumbi wa kanisa, mambo ya njia ya watembea kwa miguu. Nataka majina ya wakaazi thelathini kabla ya saa tano. Ukumbi ukikaa mtupu tena, kesho usijisumbue kuja."

Saa mbili niko Spring Valley, mtaa wa matajiri. Geti la kwanza lilikuwa na kengele ya kuongea. Nikabonyeza. Sauti ya mama ikauliza, "Nani?" Nikajibu, "Mimi." Ikakatika. Nikauangalia ukuta, ukaniangalia. Sikubonyeza tena.

Nikaona heri niongee na walinzi, hao ni watu wetu. Kwenye geti jeusi nikampata Mzee Barasa anakunywa uji.

"Habari ya asubuhi, mzee. Natoka kaunti. Naandikisha wanaokaa hapa ndani."

Akaweka kikombe chini mara moja. "Wewe ni kanjo, wale askari wa kaunti? Sisi hatuna shida na kanjo. Andika. Wa kwanza ni Oscar."

"Amekaa hapa muda gani?"

"Miaka sita. Huyo ni wa usiku. Mchana yeye ni kulala tu."

Nikaandika: kazi ya usiku.

"Wa pili ni Bella. Huyo hapendi wageni."

(Nilimwelewa kabisa Bella. Hata mimi siwapendi.)

"Namba zao za simu?"

Barasa akanitazama kidogo. "Weka ya mama mwenye nyumba. Na uandike wote wamechanjwa, tena juzi."

Nikafikiri mzee bado anaogopa corona. Nikaandika.

"Sasa wote wafike ukumbi wa kanisa saa nane," nikasema.

"Wote? Kwa chumba kimoja? Kijana, hao watapigana."

"Ni maoni tu, mzee, hakuna vita."

Akatikisa kichwa. "Nitamwambia mama aje kwa niaba yao. Na wacha niwapigie wenzangu wa mageti mengine wajue unakuja."

Hapo kazi ikawa tamu. Kila geti lilifunguka kabla sijabisha. Walinzi walinisomea majina kama watu waliokuwa wakinisubiri tangu mwaka jana. Daisy. Charlie. Max. Jenerali, ambaye nilimwandika mwanajeshi mstaafu. Kwa Whisky nilisita kidogo, lakini nikasema matajiri wana mambo yao. Kufika saa nne nilikuwa na majina thelathini na manne, na wote wamechanjwa.

Madam alipoiona ile fomu alitabasamu. Sikuwa nimewahi kuona meno yake. Akaagiza kila jina lichapishwe kwenye kadi, tukazipanga kwenye viti vya mbele. Bwana Max. Bi Daisy. Jenerali tulimweka karibu na meza kuu kwa heshima.

Saa nane ukumbi ukajaa. Matajiri wenyewe, kwa miguu yao. Ila nyuso walikuwa wamezikunja, na kila mmoja alishika kitabu kidogo cha manjano. Cha ajabu, hakuna aliyekaa viti vya mbele. Walikuja, wakasoma kadi, wakaangaliana, wakaenda kukaa nyuma.

"Umewatoa wapi hawa?" Madam akaninong'oneza. "Kesho tutaongea mambo ya kazi ya kudumu."

Nilisimama wima. Mwezi mzima sikuwa nimesimama wima.

Tukaomba, tukakaribishana. Kisha Madam akachukua fomu yangu.

"Tungependa kuanza na mkaazi wa siku nyingi, ambaye pia anafanya kazi ya usiku, ili atoe maoni yake mapema akapumzike. Bwana Oscar wa geti jeusi, karibu."

Watu wakageuka, wakakitazama kiti chenye kadi yake.

"Bwana Oscar? Usiogope, hapa ni nyumbani."

Mama mmoja mwenye miwani akasimama na kitabu chake. "Oscar gani?"

Madam akanigeukia. "Oscar wa... wa Bella," nikasema.

"Kijana," akasema yule mama, "Oscar ni mbwa wangu. Na hiki hapa ni kitabu chake cha chanjo, kwa sababu nimeambiwa kanjo mmemwita kwa jina."

Madam akasoma jina lingine, taratibu. "Bi Daisy?"

"Wangu," akasema mzee mmoja.

"Jenerali?"

Mikono miwili ikainuka. Kumbe Jenerali ni wawili.

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Nami nikamtafuta Barasa kwa macho, nikampata mlangoni na walinzi wenzake.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kanjo huku huja kwa mambo ya mbwa tu. Hakuna siku wamewahi kuuliza mtu."

Kicheko kikakatika. Yule mama wa miwani akakaa polepole, akasema, "Hiyo ni kweli." Kisha mzee wa Daisy akamwambia, "Kumbe wewe ndiye mama Oscar. Miaka sita tunasikiana tu ng'ambo ya ukuta." Wakaanza kuongea. Walinzi nao wakapewa nafasi, wakaeleza wanavyotembea kwenye matope alfajiri huku magari yakiwarushia maji. Mkutano ukaenda hadi saa kumi na moja. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nimejificha.

Mwisho Madam akaniita. Nikamrudishia kitambulisho cha kazi kabla hajakiomba. Akakisukuma kwangu.

"Kaa nacho. Kesho saa moja uje. Kuna kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na wewe peke yako ndiye mwenye orodha."

Kwa hivyo kazi ninayo. Na naogopa mbwa kuliko watu.

Msicheke. Niandikieni hapa chini mniambie mtu humsalimuje mbwa asiyependa wageni. Na mkiandika jina, tafadhali mseme lina miguu mingapi.