Siku Nane Ndani ya Land Rover

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Nina miaka themanini na moja. Daktari anasema moyo wangu umetanuka. Basi naandika, kabla haujapasuka. Nimeficha jambo kwa miaka ishirini na moja: Land Rover yangu haijawahi kuharibika yenyewe. Naiharibu mimi. Kila fundi akikaribia kuiponya, nachomoa kitu. Mafundi wanne wamekata tamaa. Mmoja aliacha ufundi kabisa, sasa anauza vitunguu.

Sababu siandiki leo. Kalamu imegoma.

Dada yangu Lusia yuko Mwese, milimani. Ana miaka themanini na sita. Aliacha shule darasa la tatu akashika jembe, kwa sababu karo ilitosha mtoto mmoja, na mmoja huyo nikawa mimi. Hakudai kitu. Aliomba tu kwamba siku moja nimpakie kwenye gari, nimwendeshe mwenyewe. Zamani nilikuwa nikienda kumwona kila mwaka, juu ya lori la mahindi. Mwaka 2004 nikanunua gari kwenye mnada wa misheni. Tangu siku hiyo sijaenda! Nilimtumia neno kwamba nikija tena nitakuja na langu. Masika nasingizia matope. Kiangazi nasingizia injini. Wiki iliyopita naye ametuma neno: hali chakula vizuri, halali vizuri, anataka kuniona kabla mmoja wetu hajatangulia.

Na sasa janga. Nikiwa nimelazwa mwezi Juni, binti yangu Happiness, yule wa Dodoma, alileta fundi bila kuniambia. Nimerudi nimekuta matairi mapya. Imebaki betri tu. Fundi anakuja nayo kesho.

Kwa hiyo leo nimehamia ndani ya gari. Gari lenye mtu aliyelala halitengenezwi. Mke wangu Bernadetha nimemwambia moshi wa jikoni unaniumiza kifua. Akauliza moshi upi, maana tunapikia gesi mwaka wa pili huu. Nikasema moshi wa zamani.

Jumanne, 8 Julai

Nimelala garini. Nimeamka nimekunjika kama barua. Lakini mwalimu hafi na elimu yake, kwa hiyo naandika kanuni za kuishi ndani ya gari, zimsaidie atakayefuata.

Kanuni ya kwanza: vioo viachwe wazi upana wa kidole, pande zote mbili. Mimi nilifunga vyote kwa ajili ya baridi. Alfajiri pumzi yangu ilikuwa imegeuka maji, ikanidondokea puani. Nilidhani ni mvua. Mvua ya Julai, Mpanda! Nikapiga kelele Bernadetha aanue mahindi. Akaanua. Kisha akatazama mbingu. Kisha akanitazama mimi.

Kanuni ya pili: godoro la sponji likatwe lifuate umbo la gari. Nimelikata. Nimekosea upande. Sasa kichwa kina godoro na miguu ina bati.

Fundi amefika saa tatu. Anaitwa Dieudonne, wa kijiji cha Litapunga, mtu mzima, mpole kuliko inavyofaa kwa fundi. Nilijifunika blanketi nikakohoa. Nikamwambia pole, gari lina mgonjwa. Akasema hapana shida Mzee, mgonjwa yuko nyuma, kazi iko mbele. Akafungua boneti! Sikuwa nimelifikiria hilo. Ameondoka saa kumi, anasema betri imeshika vizuri na kesho atawasha.

Jumatano, 9 Julai

Nilimtangulia. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua boneti nikachomoa mpira mmoja mweusi, mrefu, unaoonekana wa maana sana. Nikaufukia kwenye debe la unga.

Dieudonne amekuja, amekaa, amezungusha ufunguo. Gari limewaka! Nikiwa ndani! Miaka ishirini na moja ya kimya, halafu ngurumo ile! Sielewi. Nilichomoa kitu. Nina uhakika nilichomoa kitu.

Baadaye Dieudonne akanishukuru. Ameuliza nani kauondoa ule mpira wa maji ya kuoshea kioo, maana ulikuwa umepasuka na yeye alisahau kuutoa. Nikasema mimi. Nikajikuta napongezwa.

Jirani yangu Malale, Msukuma mwenye maksai, alipanda juu ya ua kushangilia. Ndiye aliyelivuta gari hili toka misheni hadi hapa Ilembo kwa maksai wanne, na hajawahi kuninyima nafasi ya kulikumbuka jambo hilo. Alisema maksai wale wawili waliobaki wamelia kwa furaha, wamestaafu rasmi. Kisha akauliza kama nalipa kodi ya nyumba au ya barabara. Malale ana kinywa.

Bernadetha ameita majirani. Akawasimulia jinsi nilivyokuwa nikiendesha lori la chuo cha ualimu kule Tabora, mkono mmoja, mwingine ukiwa dirishani. Hadithi hiyo kaipata kwangu. Ilikuwa fupi zaidi nilipoisimulia.

Safari imepangwa Jumamosi.

Alhamisi, 10 Julai

Kanuni ya nne (ya tatu nimeisahau, ilihusu viatu): ndoo ya haja iwe na kifuniko, na kifuniko kiwe cha ndoo hiyohiyo. Sitaeleza zaidi.

Leo nilikuwa na mpango mzuri kuliko yote. Kwetu kuku anayeatamia hasogezwi. Hata mgeni akikosa kiti atakaa chini, kuku abaki alipo. Nikachukua mayai matatu jikoni, nikayapanga kwenye kiti cha dereva juu ya gunia, nikakamata kuku bandani nikamkalisha. Siku ishirini na moja! Hakuna safari hapo, na hakuna wa kulaumiwa.

Nilimwita Bernadetha kwa huzuni nikamwonyesha. Nikasema basi tena, Mama Happiness, Mungu kapanga.

Aliinama dirishani akatazama. Akasema, "Mwalimu, huyo ni jogoo."

Ni kweli. Nilipotazama vizuri alikuwa na upanga mwekundu kichwani na shingo ya majivuno. Sijui nilitazama nini mwanzo. Bernadetha hakucheka. Alikwenda kumwita Malale aje acheke. Malale akasema hashangai: gari linalokokotwa na maksai, jogoo naye aatamie, kila mnyama hapa kapewa kazi isiyo yake.

Yai moja lilikuwa limepasuka. Kiti kinanata.

Nimepata simu ya Mwese kupitia mjukuu wa Lusia. Kasema bibi leo amekunywa uji bakuli zima, baada ya kusikia gari limewaka. Nilizima simu. Nimekaa na kanuni zangu, sioni ya kuandika.

Ijumaa, 11 Julai

Padri Celestin amekuja na maji ya baraka. Jumuiya nzima nyuma yake, na kitenge kipya cha kufunika boneti. Sikumwita! Bernadetha kamwita. Gari linaloanza safari hubarikiwa, na dereva akae kwenye usukani, ashike ufunguo. Nikakaa. Juu ya yai. Padri akaninyunyizia mimi, usukani na magurudumu, akaomba nipewe macho makali na mguu mwepesi. Wote wakaitikia amina kwa sauti ya kunitisha.

Kisha wakataka nizunguke nalo kanisa mara moja, kwa shukrani. Nikasema gari lililobarikiwa hupumzishwa siku nzima. Padri akasema fundisho hilo hajawahi kulisikia. Nikasema ni la zamani, kabla ya Mtaguso wa Vatikano. Akafunga kitabu chake. Ni kijana, alizaliwa baada ya mambo mengi.

Walipotawanyika aliingia akakaa nami nyuma, kwenye bati, akaniuliza kama nataka kuungama. Nikaungama. Mpira mweusi. Jogoo. Hasira kwa Malale. Mafundi wanne. Fundisho la leo. Akauliza kwa nini nafanya yote hayo. Nikasema sielewi. Akauliza kama kuna jingine. Nilifungua mdomo. Nikamwambia kanuni ya tano: chandarua kifungwe toka kioo cha dereva hadi kishikio cha mlango wa nyuma. Kanipa Salamu Maria kumi na kuniombea.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi niliwaambia daktari kanikataza usukani kwa ajili ya macho. Nilijua watalia. Badala yake Dieudonne akasema basi ataendesha yeye, Mzee akae pembeni aangalie mashamba.

Hivyo tu! Miaka ishirini na moja, na jibu lilikuwa mtu mwingine kushika usukani. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Nilimpungia mkono Malale. Malale akampungia Dieudonne.

Njia ni mbaya, mawe matupu. Gari lilipanda milima kama mbuzi. Nilimwonyesha Bernadetha vitu ambavyo havipo tena. Nilikuwa na amani hadi tulipofika juu ya mteremko wa kwa Lusia. Kule chini paa lake. Na mbele ya nyumba, kiwanja kilichofagiliwa, chenye mawe meupe pande mbili, kipana kama gari. Mjukuu aliyetupokea barabarani akasema bibi hukipalilia kila kiangazi, miaka yote, hapaoteshwi hata maharage. Akasema bibi amebebwa, amekaa mlangoni, anataka kumwona mdogo wake akishuka kwenye kiti cha dereva.

Bernadetha alitangulia kwa miguu na mjukuu kupiga hodi, maana mzee hatokei tu kama mvua. Tukabaki wawili. Nikamwambia Dieudonne tairi la nyuma linatoa sauti. Akazima injini, akashuka kuangalia. Nikahamia kiti chake.

Nilifikiri hivi: gari limezimwa, njia inateremka, chini kuna kiwanja. Mteremko hauhitaji elimu. Nikashusha ile breki ya mkono, nikakanyaga kile kikanyagio cha katikati kukijaribu, nikakiachia. Likaondoka.

Mwanzo lilikwenda vizuri! Nilimwona Lusia mlangoni, mdogo, shuka jeupe, mkono juu. Nami nikaweka mkono mmoja dirishani. Hapo ndipo usukani ukaamua. Tulipita pembeni ya mawe meupe. Tukapita juu ya mihogo iliyoanikwa. Tukapita ndani ya bafu la mabua, halikuwa na mtu, Mungu mkubwa. Mgomba wa kwanza ukaanguka, wa pili ukaanguka, wa tatu ukakataa.

Kimya. Mkungu wa ndizi juu ya boneti. Dieudonne alifika akihema, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema breki. Akainama akazitazama, akanyanyuka, akanitazama. Akasema, "Sawa Mzee. Breki."

Lusia alikuwa akipiga vigelegele.

Jumapili, 13 Julai

Kwa Lusia wageni wamejaa, tangu jana nimelala garini migombani. Kanuni: gari likiegeshwa, kichwa cha mlalaji kiwe upande wa juu. Nimelala kinyume. Nimeamka na uso kama boga.

Lusia kaletwa mlangoni mwa gari, juu ya kiti. Tumezeeka. Mikono yake ni ya jembe, yangu ni ya chaki, na yote sasa inatetemeka sawasawa. Akasema nimenenepa. Akasema bafu lile lilikuwa libomolewe muda mrefu. Akauliza lini namwendesha. Nikasema kipuri kikija. Akauliza kinatoka wapi. Nikasema Japani. Kasema atajitahidi kungoja.

Dieudonne kanivuta kando. Anasema gari halina kasoro, atalitoa migombani kwa kamba na vijana, kesho mchana litatembea. Anasema pia kwamba shambani kule bondeni pako wazi, na kama Mzee angependa kukaa naye pale saa moja asubuhi, bila mtu kuona, yeye hana haraka. Ana adabu sana mtu huyu. Nikamwuliza kukaa kufanya nini? Akasema kukaa tu.

Sijui alimaanisha nini. Nimemwambia sina nafasi.

Jumatatu, 14 Julai

Leo Lusia hakutaka kungoja Japani. Aliagiza apandishwe, kiti cha mbele, pembeni yangu, hapohapo migombani. Bernadetha akamfunika kanga. Wote wakafukuzwa. Akafunga macho akasema twende.

Nikashika usukani. Nikaugeuza kidogo huku, kidogo kule. Nikamwambia hapo tunapita shuleni. Akasema nipunguze mwendo, kuna watoto. Nikapunguza. Tukapita mto. Tukapita makaburi ya wazazi, akafanya ishara ya msalaba bila kufumbua macho. Akasema naendesha vizuri, kama nilivyoandika kwenye barua zangu za Tabora. Akasinzia, na pumzi yake ikawa inafanya ukungu kwenye kioo, kwa sababu nilisahau kanuni ya kwanza.

Alipoamka akasema ilikuwa nzuri, ila kesho angependa kusikia injini. Akasema twende hadi Mpanda, mimi na yeye tu, Dieudonne asiwepo. Nikasema sawa. Sawa, dada!

Dieudonne kaenda kutafuta kamba. Nimefungua boneti nikachomoa vitu viwili, kimoja kikubwa, na safari hii sivifukii kwenye unga, nimevikalia.

Karatasi inakwisha na moyo unagonga vibaya, basi naandika ile sababu. Sijui kuendesha gari. Sijawahi kujua.