Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Mimea ya Zaïtoun

Mangarivotra, Mahajanga
Januari 1962

Kwa Mjomba wetu mheshimiwa, Bwana Mroivili, Nosy Be.

Nakubusu mkono kwa mbali na kukuombea afya. Sisi huku ni wazima, ila mimi nina malalamiko juu ya mpwa wako Zaïtoun, mke wangu, na mimea yake.

1. Barazani, mahali nilipokuwa nikijinyoosha baada ya adhuhuri, pamekaliwa na mti mnene wenye tumbo na miiba, hauna kivuli wala tunda. Kila asubuhi Zaïtoun anaupangusa vumbi, anaugeuzia jua na kuuuliza umeamkaje. Mimi naambiwa chai iko pale.

2. Birika langu la udhu limepandwa mshubiri. Sasa natawadhia kopo.

3. Ana mmea ambao jani lake likianguka popote huota. Moja limeanguka ndani ya kiatu changu na kutoa mizizi. Nimekatazwa kukivaa mpaka mtoto akomae, kwa hiyo naenda msikitini na kiatu changu kimoja na kingine cha jirani Houmadi, ambaye mguu wake ni mdogo.

4. Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba mimea hii hukaa wiki nzima bila kuomba maji, na mimi nimeshaomba chai mara mbili kabla ya jua kupanda.

Mjomba, nchi ilipata uhuru mwaka juzi, nami bado naomba njia ya kupita ukumbini. Wajua desturi yetu, nyumba ni ya mke. Niliingia humu na sanduku la nguo tu, siwezi kutoa hata chungu kimoja. Wewe ndiwe mkubwa wa ukoo wake. Itisha kikao: ama mimea itoke, ama niandikishwe rasmi kuwa mmojawapo, nipanguswe, nigeuziwe jua, niulizwe nimeamkaje. Nampenda mke wangu, na wivu umenishinda kuuficha.

Nisalimie Bibi Sittou, watoto, na yeyote atakayeuliza habari zangu.

Mkweo mtiifu, niliyebanwa ukutani,
Chaher

Nyongeza: Barua ilikosa msafiri wa kuichukua, na Ramadhani imeingia. Zaïtoun yuko Boanamary, dada yake kajifungua. Aliniusia nisiiguse mimea. Lakini, Mjomba, magharibi nashika kikombe changu, nao wamekaa kimya mbele yangu, wameshinda juani kutwa. Muislamu gani atafuturu peke yake? Kila jioni nilimpa kila mmoja kikombe chake cha maji. Wengine wamestahimili. Yule mnene juzi nilimgusa akabonyea kama papai lililopitiliza, na leo kaanguka. Nimemzika nyuma ya jiko, na machozi yamenitoka.

Kikao usiitishe. Huko kwenu kwenye mawe naamini wapo wanene kama yeye. Mmoja mpe msafiri yeyote anayevuka kuja bandari ya Antsahampano, anifikie kabla Zaïtoun hajarudi. Ukipata wawili, usiniulize wa pili ni wa nani.