Sista Hajataga na Mchungaji Anakuja

Jumatatu, 2 Novemba 1987. Kibwezi.
Mchungaji Musyoka atakula kwetu Jumapili. Mke wangu Muthoki ameshachagua kuku: Sista, kipenzi changu, yule mweupe anayetembea kama nesi anayekagua vitanda. Nimepinga. Muthoki akasema kuku asiyetaga ni mgeni, na mgeni huyu amekaa sana. Tumepatana: Sista akitaga kabla ya Jumapili, atachinjwa jogoo. Kazi ni lishe tu. Kichwa ninacho.

Jumanne, 3 Novemba.
Nimekwenda dukani kwa Kinuthia, anayeuza chakula cha kuku. Ameniuliza miguu ya kuku wangu ni ya kazi gani, kama si ya kujitafutia. Mwenye duka anayefukuza wateja! Nimerudi nikapika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, pamoja na kunde. Sista amekula mchana, alasiri na jioni. Wenzake wawili nimewafungia nje. Muthoki ameuliza kama na yeye atapata sahani. Nimemwambia asubiri yai.

Jumatano, 4 Novemba.
Hakuna yai. Kuku wa jirani yangu Mutunga hutaga hadi ndani ya kofia yake. Siri yake ni mchwa. Jioni hujaza chungu kikuukuu mabua na mavi mabichi ya ng'ombe, akakifudikiza juu ya kichuguu. Asubuhi, mchwa tele. Lakini kichuguu chetu kiko mbali, na mvua imeanza. Mimi nimefudikiza changu kando ya ukuta wa ghala, mahali mchwa wameshaanza kupita. Mutunga hakuwahi kufikiria hilo.

Alhamisi, 5 Novemba.
Chungu kimejaa. Sista amekula mchwa mpaka akakaa chini. Muthokoi pia nimempa, asije akadhani nimemsahau.

Ijumaa, 6 Novemba.
Wale wawili wa nje wametaga kichakani. Sista hatembei, anabingirika. Muthoki amemnyanyua, akampima mkononi, akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda. Mutunga amesema kuku mnene hatagi, nimpunguzie chakula. Wivu.

Jumamosi, 7 Novemba.
Siku ya mwisho. Nimechukua yai katika kiota kimoja cha Mutunga, nikalisukuma chini ya Sista, nikamwita Muthoki aje ashuhudie. Akaliokota, akaligeuza. Upande wa pili lilikuwa na alama ya mkaa. Kumbe Ndinda, mke wa Mutunga, huyatia alama mayai ya kuku anayeatamia, yasichanganyike na mapya. Muthoki akauliza Sista amejifunza kuandika lini.
Nimelirudisha mwenyewe. Ndinda alikuwa amesimama hapo hapo kiotani. Alinyoosha mkono tu.

Jumapili, 8 Novemba.
Kumkamata Sista hakukuwa na mbio. Muthoki aliinama tu. Nikatoka nje nisione. Mchungaji akafika mapema, akamkuta Sista kwapani mwa Muthoki, akaomba radhi: daktari amemkataza nyama yenye mafuta, na huyu, akasema, ni mafuta yaliyoota mdomo. Je, hakuna aliyekonda?
Jogoo hakuwa na bahati. Wakati wa sala nimeitikia amina kwa sauti kuliko mzee yeyote wa kanisa. Lishe yangu imemwokoa Sista. Nimemweleza Muthoki hivyo. Aliniwekea shingo.

Jumatatu, 9 Novemba.
Muthoki ameinua gunia la mahindi ghalani. Gunia limepanda juu, kitako kimebaki chini na mchwa. Mahindi yote sakafuni. Sista alifika wa kwanza.
Muthoki ametangaza kwamba kaka yake Mutie anakuja Krismasi, na Mutie hana daktari. Kwa hiyo Sista lazima atage. Mutunga amerudia neno lake: mpunguzie. Safari hii nimemsikia. Nimeondoa kunde.
Na ghala pia limenifundisha. Chungu nimekihamishia chini ya dirisha la chumba cha kulala, upande wa kitanda, asubuhi nisitembee mbali.