Nilivyoisaidia Mashine ya Moshi

Jumatatu, 17 Agosti 1998
Nyamizi mwanangu, umepotea mpaka aibu. Samaki wa Lamadi wanafika Bariadi kila gulio, wewe hufiki. Naandika kwa herufi za ngumbaro, shule sikuiona, usinicheke. Mwanao Joyness anakohoa. Ni dohani ya kinu kipya cha pamba, cha mtu binafsi. Enzi za kinu cha ushirika tulikohoa pia, ila kikohozi kilikuwa chetu wote.

Jumanne, 18 Agosti
Amekuja mtaalamu, Joakim, kuupima ule moshi. Ukizidi kiwango, kinu kitafungwa mpaka warefushe dohani. Hapandi juu. Mashine yake ya miguu mitatu itasimama nyuma ya zizi letu na kuitazama dohani kwa mbali. Anasema kila hewa ina alama yake kwenye mwanga wa joto, ule usioonekana kwa jicho. Nimemlisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Atapima Alhamisi.

Jumatano, 19 Agosti
Mashimba, mlinzi wa kinu, shemeji yangu kwa bahati mbaya, kapita akicheka. Kasema Alhamisi watapunguza moto, dohani itoe moshi wa sigara. Nimemwita mbwa wa tajiri. Kisha nimempa maziwa, maana amekonda.

Alhamisi, 20 Agosti
Kweli, moshi mwembamba. Nikaona nisaidie. Nikarundika samadi kwenye shikome, pale wanaume wanapoota moto jioni, nikawasha. Nzi wakakimbia, ng'ombe wakatulia. Moshi ukapanda mzito, ukapita mbele ya mashine. Safi kabisa. Joyness nilimweka karibu apate joto. Leo amekohoa kuliko jana. Kinu kile kibaya sana.

Ijumaa, 21 Agosti
Joakim kasoma majibu. Kaniuliza kwa upole kama siku hizi kinu kinachambua ng'ombe. Mashine imeona hewa ya samadi tupu, dohani haikuiona. Mashimba kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kipimo kitarudiwa Jumatatu, mara ya mwisho, na Joakim kaniomba nisiwashe chochote nyuma ya zizi. Nimekubali.

Kosa nimeliona: moto ulikuwa mbali na dohani. Jumatatu nitaukoka chini ya dohani yenyewe, nje ya ukuta wao.

Wewe njoo Jumapili. Sukari usilete. Leta gunia la samadi, mbichi kidogo, ndiyo yenye moshi. Na blanketi la Joyness. Kwa kikohozi hiki nimemhamishia shikomeni, analala kando ya moto.