Miti Mitatu ya Kartie ya Chini

Jumatano, 3 Septemba
Joto! Madamu Sabine wa komini, ofisi ya serikali, kapita na kipaza sauti. Miche mia mbili ya kivuli itakuja mvua ikianza. Kati ya mitaa yote, kartie yenye miti michache zaidi ndiyo itapewa. Haki kabisa! Kule juu kwenye majumba hata mbwa wanalala kivulini. Huku chini, ziwani, miti iko mitatu. Nimehesabu mwenyewe. Mara mbili.

Alhamisi, 4 Septemba
Msiba! Seth wa kartie ya nyuma ya soko anajigamba kwamba kwao pia iko mitatu. Kasema nikajifunze hesabu kwanza, mimi niliyekimbia shule darasa la sita. Nikamjibu mimi nilikimbia kwa hiari, yeye alifukuzwa. Nikafikiri. Kichwa changu si cha mchezo. Miwili ni michache kuliko mitatu!

Ijumaa, 5 Septemba
Mti wa avoka wa Shangazi Nafisa, pale anapokaangia ndagala, vidagaa vya ziwa letu, umelala chini. Kazi ya panga langu. Yeye alikuwa kaenda Gatete kununua mawese. Karudi, kasimama juani na dumu kichwani, kauliza, mutoto wewe, umekula nini leo? Nikamweleza hesabu. Avumilie miaka mitano tu, miche ikue! Hakunipa ndagala hata moja.

Jumamosi, 6 Septemba
Kazi za jamii. Kartie nzima na majembe, tunachimba mashimo ya miche. Kumbe Madamu alishahesabu miti mwezi uliopita! Tulilingana na Seth, tungegawana mia kwa mia. Kisha kaona kisiki kibichi. Kauliza nani. Wote walinitazama, hata mbuzi. Kartie inayokata mti haipewi kitu. Mia mbili zote nyuma ya soko! Seth kanipigia makofi, eti murakoze cane, asante sana, kaka. Shefu wa kartie kaamua nimshikie Shangazi mwavuli kila siku mpaka ndagala ziishe. Ziwa lote lile!

Jumapili, 7 Septemba
Mkono unauma. Shangazi anasema sogea, bega la kushoto linaungua. Lakini katuombea kwa Madamu: tukipanda wenyewe miti kumi, ikashika mpaka Desemba, tutarudi kwenye orodha. Kumi tu! Nyuma ya nyumba liko shamba la mihogo la Shangazi. Mashina kumi yenye majani, nayachomeka kwenye mashimo. Kutoka mbali nani atajua? Seth hawezi kuwaza hivi.

Shangazi kaficha panga. Si neno. Mihogo inang'oka kwa mkono mmoja.