Kiatu cha Kushoto Kisihamishiwe Kilosa

Isevya, Tabora
14 Agosti 1951

Kwa Bwana Stesheni Masta,

Baada ya salamu, na kwa huzuni inayolingana na jambo lenyewe, nautangazia uongozi wa reli kwamba kiatu cha kushoto cha marehemu baba yangu kimetimiza miaka sita bila kulala nyumbani. Cha kulia ninacho. Cha kushoto anacho Mabruki, yule anayegeuza njia za treni stesheni kwako. Sasa nasikia amepewa uhamisho, na Alhamisi anapanda treni kwenda Kilosa. Ndiyo maana mimi, seremala wa makamo mwenye mwandiko kama uliochongwa kwa tezo, nimeshika kalamu.

Chanzo ni utani. Mabruki ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi; babu zetu walianza kutaniana tangu enzi za misafara ya pwani. Tulipomzika baba, aliyekuwa mpagazi ujanani, Mabruki alivaa kiatu cha kushoto cha baba akachechemea uani vilevile kama marehemu alivyochechemea, akilalamika kwamba pembe ya ndovu imemwelemea na wanawe wavivu hawaji kumpokea. Waombolezaji wakacheka. Mimi niliyekuwa nimekauka kama ubao kwa siku mbili, nilicheka mpaka nikalia. Kisha akaondoka nacho, kama mtani anavyoruhusiwa, hadi nikikomboe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mabruki anakana kwamba amechukua. Anasema anayechukua ni mwizi, na mwizi huficha; yeye kiatu kakiweka juu ya kabati la vyombo, mgeni hukiona kabla ya kumwona mwenye nyumba. Nikamwambia basi umekizuia. Akasema huzuiwa anayetaka kwenda, na kiatu hakijamwomba ruhusa. Tukajaribu kushikilia, kuhodhi na kung'ang'ania; yote akayakataa. Mwishowe alikubali kutunza, kwa kuwa hukipaka rangi kila Ijumaa. Bwana, mtu anayekunyima kitu chako miaka sita, kisha akataka umshukuru kwa kukipaka rangi, utamshitaki kwa neno gani?

2. Ukombozi ulikuwa jogoo mmoja. Nilimpeleka. Mabruki alimtazama akasema huyu si jogoo, ni uvumi wa jogoo. Hata hivyo alichinjwa, mkewe Bi Batuli akampika, tukamla sote watatu, na kiatu kikabaki kabatini. Jogoo waliofuata nimeacha kuwahesabu.

3. Kila Jumamosi natoka Isevya hadi nyumba za reli kudai haki yangu. Nafika, nadai, nanyimwa, nakaribishwa chakula. Mke wangu Apolinaria siku hiyo hapiki kabisa. Huniambia tu, nenda kadai. Mabruki akihama, Jumamosi nitakula nini?

4. Anayemchukua mwenye kushika, amechukua na kinachoshikwa. Alhamisi treni ikipiga filimbi, mwenye kiatu cha baba atakuwa Reli nzima. Nami sitaki Reli nzima ije kuchechemea uani kwangu siku nitakapokufa. Namtaka Mabruki.

Kwa hiyo naomba umzuie Tabora. Ikishindikana, zuia treni. Na hilo likishindikana, nipakiwe mimi kwenye behewa la mizigo. Baba alibeba mizigo ya watu hadi pwani. Si vibaya mwanawe akabebwa hadi Kilosa.

Nisalimie makarani, mafundi wa injini, na yule mzee wa tikiti anayeniuliza kila tukikutana kama kiatu hakijambo.

Mimi mtiifu wako, niliyebaki na mguu mmoja wa urithi,
Anselm Mihayo, Seremala

Baada ya sahihi: Apolinaria ameisoma barua hii akasema nisipoandika ukweli ataandika yeye. Ukweli ni kwamba Mabruki alikileta kiatu mwenyewe juzi Jumapili, bila kudai hata yai. Alikiweka mezani akasema, "Shika, mtani. Baba yako asije akanifuata Kilosa kwa mguu mmoja." Hakucheka. Alipoondoka nikavaa vyote viwili kwa mara ya kwanza. Vinanibana. Miaka yote hiyo nilikuwa nadai viatu nisivyoweza kuvaa.

Jana nilikwenda kuwasaidia kufunga masanduku. Bi Batuli alipogeuka kutafuta kamba, nilisokomeza kiatu cha kulia katikati ya mablanketi, nikapigilia mfuniko misumari tisa. Cha kushoto sasa kiko juu ya kabati langu.

Basi usimzuie mtu wala treni. Unijulishe tu ni treni ipi itakayonifikisha Kilosa siku ya Jumamosi. Kuna mtu kule ana kiatu changu, nami nina jogoo.