Mrehani wa Mzee Wechuli

Jumatatu, 6 Oktoba
Mrehani umejaa nyuma ya nyumba yangu hapa Manyatta, na miaka yote naukanyaga kama nyasi! Binamu yangu Winny anasoma kemia Chuo Kikuu cha Maseno. Nimempigia simu. Amesema una kemikali iitwayo yujenoli, ileile ya karafuu, una linaloli na kafuri, na kwamba huko maabara mafuta yake huua vijidudu. Akaongeza kuwa hakuna aliyethibitisha kama unatibu presha. Nimeandika nusu ya kwanza tu ya maneno yake.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimechemsha sufuria mbili za mrehani, nikajaza chupa za kuuza. Lebo: YUJENOLI, KIBOKO YA PRESHA. Mama Rosa, anayeuza majani hayohayo sokoni, ametangaza kwamba yanafungua pua na kufukuza mbu, basi. Wivu! Mteja wa kwanza ni jirani yangu Mzee Wechuli, fundi viatu. Aliuliza kama aendelee na vidonge vya hospitali. Nikamwambia yujenoli haipendi kuchanganywa. Sijui sentensi hiyo ilitoka wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mzee ameanguka kibandani, kiatu cha mteja bado mkononi. Mama Rosa ndiye aliyeita tuktuk na kumshikilia njia nzima. Mimi nilibaki nyuma nikibandua lebo kwenye chupa zangu. Nilipofika hospitali, muuguzi aliuliza mgonjwa alikuwa anakunywa nini. Nikasema chai. Chai! Mama Rosa alinitazama. Alitoa mkobani chupa yangu aliyoiokota kibandani, akampa muuguzi.

Jumapili, 12 Oktoba
Mzee yuko hai. Nimeenda kutubu, nimebeba ndizi sita. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru, eti dawa ilikuwa imeanza kushika! Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaniamkia kama daktari. Nilitamani ardhi inimeze.
Nikasema, "Mzee, nilikudanganya. Ni majani tu. Rudia vidonge vyako."
Alichukua ndizi moja, akaimenya.
"Frankline," akasema, "hayo maneno yako mimi sikuelewa hata moja. Nilikunywa juu ni wewe uliyenipa."
Nimelia kwenye ngazi za hospitali. Mfagiaji akaniomba nisogee.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimemwaga dawa yote. Nimeapa mbele ya Mama Rosa kwamba sitatibu ugonjwa wowote tena maishani. Aibu imenifunza.
Lakini kusahau si ugonjwa! Watahiniwa wanakaribia mtihani, na mchaichai umejaa kando ya mtaro. Nimeshaosha chupa.